Maua Yanayotangulia Majani

Nilipokuwa mtoto kule Lusangi, hakuna aliyepanda karibu na nyumba yale maua mekundu yanayochanua kabla ya majani. Ni maua mafupi, hayafiki gotini. Kiangazi kizima huwezi kujua kama yapo; mvua ya kwanza ikinyesha, yanatoboa udongo yenyewe. Wazee walisema wafu ndio wanaoyasukuma kutoka chini, na anayeyapanda mlangoni anawafungulia njia.

Mama aliyakuta shambani alipokuwa akilima muhogo. Alichimba vitunguu vya maua hayo, ile mizizi yake minene ya mviringo, akavifunga katika kitambaa cha kichwa, akaja kuvipanda mbele ya mlango wetu. Shangazi, dada mkubwa wa baba, alifika siku ileile, akamwonya mama, wifi yake.

"Mulamu, ile maua iko ya wafu. Utawaita ku nyumba."

"Iko maua tu," mama alijibu. "Inanipendeza."

Mvua iliporudi, yalichanua. Haukupita muda, mdogo wangu Amisi akashikwa na homa. Mama alimbeba mgongoni hadi zahanati, akakuta dawa zimekwisha. Baba akapanda baiskeli kwenda kuzitafuta mjini Kasongo. Aliporudi nazo, Amisi alikuwa ameshakufa.

Tulipotoka kuzika, shangazi alichukua jembe. Wanawake waliokuja matangani walimpisha, baba akaangalia chini. Mama akaenda kusimama mbele ya maua yake, miguu mitupu kwenye matope.

"Nilikuambia," shangazi alisema, naye alikuwa akilia. "Acha niing'oe."

"Mutoto amekufa juu ya homa. Dawa haikukuwa. Ile hakuna mutu anaisema, munasema tu maua. Kama utalima, utaanza na miguu yangu."

Shangazi aliweka jembe chini. Tangu hapo majirani hawakukaa tena kizingitini kwetu. Walimwita mama kutoka barabarani. Kiangazi kilichofuata aligawa vitunguu vya maua, akapanda mstari mwingine upande wa barabara, na vingine akavipeleka kwenye kaburi la Amisi, mchana, watu wakimwona.

Kwa miaka mingi nilidhani mama hakuamini maneno ya wazee. Nilimuuliza nikiwa tayari nina watoto wangu.

"Niliogopa sana," aliniambia. "Lakini kama ningeing'oa, ningekubali ya kuwa ni mimi niliua mutoto wangu."

Wafu wanafanya nini huko chini, mimi sijui. Najua kwamba siku ile mama aliogopa kama wote waliokuwa uani, na hakusogea.