Ndege Nyekundu na Duara la Masanja

Kibanda cha Baba Neema kilinuka petroli, udongo mbichi na miguu ya watoto waliovua kandambili mlangoni. Hapo Rwamgasa, masika yale, ndipo nilipojifunza gemu la Kijapani ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyejua jina lake. Baba Neema alinunua kompyuta mpakato iliyokwishatumika kule Geita mjini, akalikuta humo. Ndege ndogo nyekundu iliruka kutoka kushoto kwenda kulia, ndani ya pango, na kila kilichokuwa mbele yake kiliifyatulia risasi za waridi na za buluu, nyingi mpaka kioo kikajaa. Kaka yangu Masanja, aliyechimba dhahabu katika duara, yaani shimo la wachimbaji, lililokuwa nyuma tu ya kibanda, ndiye pekee aliyewahi kufika kwa lile dude kubwa lililolinda mwisho wa pango, na hata yeye lilimuua kila mara. Alinifundisha akiwa bado na matope masikioni. Aliniambia nisiitazame ndege, nitazame nafasi iliyopo kati ya risasi, kwa sababu ndege nzima si kitu, kinachokufa ni kale kadoa keupe katikati yake. "Usikimbie," alisema. "Anayekimbia ndiye anayezifuata. Sogea kidogo tu." Mimi nilikuwa na pupa, nikihangaika huku na huko kama kuku aliyeona mwewe, naye alicheka hadi akakohoa.

Asubuhi moja, baada ya mvua kubwa, maji yalipasua ukuta wa duara Masanja akiwa chini. Wenzake waliwahi kupanda, yeye hakuwahi. Baba Neema hakungoja kuombwa; alizifungua nyaya mwenyewe, akasaidiana na vijana kuibeba jenereta ya kibanda ikaendeshe pampu ya kutoa maji. Mayu, ndivyo tulivyomwita mama yetu kwa Kisukuma, alikimbia hadi pale akazuiwa kwenye kamba iliyozungushiwa duara. Siku hizo mwanamke hakuruhusiwa kuukaribia mdomo wa duara. Ilisemwa kwamba dhahabu itakimbia. Alimsihi mwenye duara, akampigia magoti matopeni, akamwambia hana shida na dhahabu yake, anamtaka mwanawe. Wanaume walitazama chini, na kamba haikuondolewa.

Nilirudi kibandani peke yangu, maana sikuweza kuendelea kumtazama. Kompyuta ilikuwa bado na chaji. Nikaweka nadhiri, nadhiri ya mtoto aliyekosa pa kushika: nikilishinda lile dude, Masanja anatoka. Machozi yalizichanganya rangi za risasi, na nyuma ya ukuta pampu ilinguruma bila kupumzika. Nilikufa, nikaanza upya, nikafa tena. Alama ya chaji ikawa nyekundu. Hapo nikaacha kukimbia. Nilisogea kidogo tu, kisha kidogo tena, nikimwomba Mungu na kulitukana dude kwa pumzi ileile, mpaka likapasuka na kioo kizima kikawa cheupe. Nilikuwa bado nimekodoa macho pampu iliponyamaza. Sijapata tena furaha kama ile maishani mwangu. Nilitoka mbio nikipiga kelele kwamba anatoka, Masanja anatoka. Mayu alikuwa palepale kwenye kamba. Walikuwa wamekwisha kumtoa, wamemfunika turubai, na wanaume walikuwa wamevua kofia zao.

Sasa naishi Tinde, na umri wangu umeupita ule wa Masanja. Magemu ya namna ile yamo kwenye simu siku hizi. Wanangu wakiyacheza mimi hutoka nje, nao hudhani nachukia kelele. Na huko Rwamgasa wapo wanawake wenye maduara yao wenyewe, wanaosimama mdomoni na kuwaamrisha wanaume. Juzi nilimsimulia mayu habari hizo, nikidhani zitamfurahisha. Alikuwa akipeta mchele. Aliniuliza kama kweli wanafika mdomoni kabisa, kiasi cha kuinama na kuchungulia ndani. Nikamwambia ndiyo, wanafika. Aliuweka ungo chini.

"Ningemwita," alisema. "Sauti yangu angeijua."