Gari la Mtu Mmoja

Tangu injini ya pikapu yangu ilipokufa, geti langu hapa Maisaka haligongwi. Zamani halikupumzika. Mke wangu alipokuwa hai alilalamika kwamba tunaishi kama tuko stendi: mara mjamzito wa kuwahishwa hospitali, mara jeneza la kupandishwa Mbulu, mara mahindi ya mtu kutoka Singe. Kwetu mwenye gari haulizwi kama ana nafasi. Anaulizwa ufunguo uko wapi. Nami nilinung'unika, mwalimu mzima kugeuzwa dereva wa mtaa. Sasa mke hayupo, watoto wako Dodoma, na usumbufu ule ninautamani.

Kwa hiyo niliposikia kuna mfanyabiashara aliyeleta gari la umeme kutoka Arusha, nilikwenda kuliona. Aliniachia niliendeshe mpaka karibu na Mutuka na kurudi. Ni dogo, halina kelele, halinywi mafuta, unalichaji nyumbani kama simu. Nililipenda, nikawa nalisifia kwa kila niliyekutana naye.

Walinisikiliza kwa adabu. Fundi wangu wa pikapu aliuliza nani atalitengeneza likigoma. Mwingine alinikumbusha umeme wetu unavyokatika. Hayo hayakunitisha, maana kugoma na kukatika nimeshavizoea. Aliyenimaliza ni jirani yangu, mama mmoja mwenyeji wa Mbulu, ambaye kila alipojifungua ni mimi niliyempeleka hospitali.

"Shikamoo, Mwalimu. Nasikia unanunua gari la umeme."

"Marahaba. Unalionaje?"

"Ni zuri. Nunua tu, litakufaa wewe mwenyewe, la kwendea sokoni na kanisani. Sisi tukipata msiba wa kupanda milima ya Mbulu, jeneza humo haliingii na chaji haitafika, tutatafuta la mafuta. Hatutakusumbua tena."

Alisema kwa upole, akidhani ananipunguzia mzigo. Niliingia ndani, nikakaa na chai yangu mpaka ikapoa.

Wiki iliyofuata nilimpigia simu yule mfanyabiashara, nikamwomba anitafutie pikapu ya dizeli, hata kama ni kuukuu. Alishangaa. Akanieleza kwa subira kwamba gari lile linatosha kabisa safari za mtu wa umri wangu, kisha akauliza, "Kwani mzee wangu, huwa unakwenda wapi?"

"Mimi?" nikamjibu. "Mimi sina pa kwenda."