Fundi wa Tovuti Kwenye Duka la Bembea

Fundi wa tovuti hatazami skrini, hutazama vidole gumba. Kila anayeingia kwa Doña Eudosia, muuza bembea za kulalia pale mjini San Jacinto, fundi humpa simu iliyofunguliwa tovuti ya duka, kisha hukiinamia kidole chake kama paka anayevizia panya. Kidole kikiufunga ukurasa wa duka, yeye huguna, huacha kahawa nusu, huyoo kwenda kuurekebisha! Leo wageni wote wamekimbia palepale: kwenye kisanduku kinachotaka jina na barua pepe.

“Mama, hapa dukani mgeni unamuuliza jina mlangoni?”

“We! Nina wazimu? Kwanza alale, abembee. Hebu panda uone!”

Fundi akapanda, akakifuta kisanduku kwenye tovuti huku Doña Eudosia akimsukuma kwa mguu, taratibu, kama afanyavyo kwa wanunuzi. Kahawa ikaisha. Hakushuka.