Bado Kidogo na Njia ya Wodi ya Wazazi

Katika kikosi cha lami alikuwamo mwanamke mmoja aliyeitwa Bado Kidogo. Jina hilo hakupewa na baba wala mama. Alipewa na wasukuma toroli, na yeye mwenyewe hukubali kwamba hawakumwonea. Ukimwambia twende, atakujibu bado kidogo. Ukimwambia afunge mlango, ataufunga, ataufungua aone kama ameufunga vizuri, kisha ataufunga tena. Ana mtoto mmoja wa kiume, kibonge asiye na jino hata moja. Kibonge akilala, mama mtu anamfunika. Kisha anaona shuka limekaa upande, analinyoosha. Kisha anaona kidole cha mguu kimetoka nje, anakirudisha. Kisha anamlaza nywele vizuri, nywele ambazo mtoto bado hajaota. Hapo macho mawili yanafumbuka, kilio kinapaa, na nyumba nzima inajua nani amefanya nini.

"Huyu mtoto hakuamka," mama mkwe wake husema, akimnyakua mjukuu na kumweka begani. "Huyu ameamshwa."

"Nilikuwa namfunika tu, mama."

"Umemfunika tangu tumemaliza kula, mwanangu. Jengo lingekuwa limeshaezekwa."

Naye hucheka, maana afanye nini? Mikono ni yake lakini haimsikii.

Kikosi chao kilikuwa kinajenga njia za waenda kwa miguu ndani ya uwanja wa hospitali. Watu hudhani njia ya miguu ni barabara iliyokonda, kwamba unamwaga lami juu ya vumbi na kwenda zako. Hata yeye alidhani hivyo siku ya kwanza, akashangaa kuona wenzake wanachimba tu, siku baada ya siku, wanatoa udongo mweusi na mizizi yake yote, akafikiri labda wamekosea kazi na wanatafuta bomba la maji. Kumbe njia inayodumu hujengwa chini kabla ya kujengwa juu. Ukishatoa udongo unajaza kokoto, unashindilia, unajaza tena, unashindilia, na unaiacha imeinama kidogo upande mmoja kama sinia linalomwaga maji. Lami huja mwisho kabisa. Na kwa kuwa njia ni nyembamba na mashine kubwa haipiti, lami inabebwa kwa toroli, inatandazwa kwa koleo, inasawazishwa kwa reki, halafu linapita rola dogo ambalo dereva wake hutembea nyuma yake kama mtu anayemsindikiza mgeni asiye na haraka.

Kazi yake yeye ilikuwa bendera. Alisimama pale njia inapokatiza barabara ya magari ya wagonjwa, na kitambaa chake chekundu, azuie magari wenzake wapitishe toroli. Aliishika kazi hiyo kwa uzito kama askari wa mpakani. Katika muda wote huo gari lilisimama mbele yake kwa hiari mara moja tu, na dereva alikuwa anauliza choo kiko wapi.

Basi mtu wa reki, ambaye wote walimwita Mgongo kwa jinsi alivyousema mgongo wake kutwa kucha, siku moja akainama na asiinuke. Wakamnyoosha taratibu kama wanavyonyoosha nondo. Daktari alikuwa jirani, hata usafiri hawakuhitaji. Mgongo akaambiwa apumzike na asishike reki tena.

Nyapara, mtu mfupi mwenye sauti kubwa, akawakusanya. "Nani atashika reki?"

Bado Kidogo akanyoosha mkono. Bahati mbaya mkono wenyewe ulikuwa na bendera, ikaonekana kama anawasimamisha wote.

"Wewe?" nyapara akauliza. "Umewahi kushika reki?"

"Ya majani."

Wasukuma toroli wakaangua kicheko. Nyapara hakucheka, akakuna kidevu.

"Haya, dada. Kesho kipande cha kutoka getini mpaka mlango wa wodi ya wazazi ni chako. Mhandisi akikikubali, reki ni yako, na tukimaliza hapa unakwenda nasi kwenye kazi nyingine. Akikikataa, unarudi kwenye bendera yako. Na bendera unajua inaishia hapa hapa."

Alijua. Njia ikikamilika, hakuna toroli la kupitishwa, na mwenye bendera anaagwa kwa heri na shukrani. Mume wake ni fundi baiskeli, na msimu wa mvua watu huziegesha baiskeli zao wakamsahau fundi kabisa. Reki ingewavusha.

Lakini kulikuwa na jambo jingine, ambalo hakulisema mbele ya kikosi. Njia hiyo ya wodi ya wazazi aliijua kwa uchungu. Siku ya kumzaa Kibonge, mume wake alimpokea getini kwa kiti cha magurudumu cha kuazima, akaanza kumsukuma juu ya mawe na matope. Gurudumu likazama. Mume akasukuma, likazama zaidi. Mwishowe yeye mwenye mimba akashuka, akashika upande mmoja, mume upande mwingine, wakakibeba kile kiti mpaka mlangoni. Muuguzi akawauliza mgonjwa yuko wapi. Hadithi hiyo ameisimulia mara nyingi na kila mara watu hucheka mpaka wanashika mbavu, naye hucheka nao. Ila siku ile kati ya geti na mlango hakucheka. Alihesabu mawe. Kwa hiyo aliposikia kipande ni hicho, aliapa moyoni kwamba kitakuwa laini kama shavu la mtoto.

Akaenda nyumbani akiwa amekwisha kuwa bingwa. Bombani aliwaeleza majirani kwamba sasa yeye ndiye fundi wa reki. Uani akachukua ufagio, akaugeuza kichwa chini, akaanza kujifunza juu ya mchanga, akivuta na kurudi, akivuta na kurudi, kuku wakimkimbia.

"Mke wangu," mume akamwambia kutoka kwenye baiskeli aliyokuwa ameipindua, "hapo ulipo pamekuwa sawa tangu zamani. Sasa unachimba kisima."

"Bado kidogo."

Mume hakubisha. Amemuoa akijua.

Asubuhi lori likaingia, lami ikifuka moshi chini ya turubai. Lami ya moto ina tabia moja: ikishatoka kwenye lori inaanza kupoa, na haimngoji mtu. Unatakiwa uivute kwa mgongo wa reki, uisawazishe, uiache, rola lipite ingali moto. Ukiichezea, mawe makubwa yanapanda juu, ulaini unazama chini, rola likija haliwezi tena kuibana. Njia inabaki na vitundu, maji yanaingia, na msimu mmoja haupiti kabla haijaanza kumomonyoka. Mgongo alikuwa ameyaeleza hayo yote, ameketi kwenye ukingo wa ua na mto wa kuazima nyuma ya kiuno. Bado Kidogo aliitikia kwa kichwa kila neno. Alielewa vizuri sana. Kuelewa hakujawahi kuwa tatizo lake.

Toroli la kwanza likamwagwa. Akavuta. Ikakaa sawa. Pengine ikakaa sawa kuliko alivyotarajia mtu yeyote pale, na kama angeondoka papo hapo, hadithi hii isingekuwapo. Lakini akaona kijiwe kimoja kimejitokeza. Akakirudia. Kikaingia, kikatoka kingine. Akakirudia hicho. Akaona pembeni pameinuka kidogo, akapavuta, katikati pakashuka, akapajazia katikati. Wasukuma toroli wakasimama foleni, jasho likiwatoka.

"Shemeji, tunamwaga wapi?" mmoja akauliza. Walizoea kumwita shemeji kwa sababu mume wake aliwatengenezea baiskeli.

"Bado kidogo!"

"Dada!" nyapara akapaza sauti. "Hiyo ni lami, siyo nywele! Unaichana inakwenda harusini?"

Aliposikia hivyo akaongeza kasi, akidhani anaambiwa achape kazi. Mpaka anainua kichwa, moshi ulikuwa umekwisha. Rola likapita. Likapita tena. Nyuma yake kipande kikabaki kimekwaruzika, kina vishimo vishimo, kama uso wa mtu aliyepona tetekuwanga. Aliinama akapitisha kiganja. Akakumbuka mawe ya siku ile. Ametengeneza mapya.

Wasukuma toroli wakaweka toroli zao chini.

"Ng'oeni," nyapara akasema. "Chote."

Wakaleta sururu, wakaanza kubandua. Yeye naye akabandua, macho yakimuuma, akisingizia moshi ambao haukuwapo. Mgongo akamwita.

"Njoo hapa. Unajua kosa lako?"

"Sijui kuacha."

"Unajua, halafu?"

"Halafu siwezi, mzee. Nikikiona kitu kimekaa vibaya, mkono unakwenda wenyewe. Nimejaribu. Hata mtoto wangu halali kwa ajili yangu."

Mgongo akataka kucheka, mgongo ukamkataza. "Basi hapo sina dawa."

Kipande kilipokwisha kubanduliwa, nyapara alikuja akasimama juu yao. Kwenye lori kulikuwa na lami iliyobaki chini ya turubai, bado ya moto, na ingepoa muda si mrefu. "Nimpe mwingine?" akauliza, na haikujulikana anamuuliza nani.

Bado Kidogo akainuka. Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo mpaka leo hushangaa alilipata wapi, maana kichwa chake, kwa maneno yake mwenyewe, huwa kinafika kesho yake. Hakuahidi kwamba atabadilika. Aliwageukia wasukuma toroli.

"Jamani, msinisubiri. Nikiinua reki tu, mwagieni mbele. Mkiniona narudi nilikotoka, nimwagieni miguuni."

"Miguuni kweli, shemeji?"

"Kweli. Viatu si vyangu, ni vya kikosi."

Hawakuwahi kupewa amri wakaipenda hivyo. Toroli la kwanza likamwagwa kabla hajashika reki sawasawa. Akavuta, akasawazisha, kijiwe kikajitokeza, mkono ukaanza kwenda, na fungu la pili likaanguka pembeni ya kidole gumba chake, likifuka. Akaruka. Akalivuta hilo. La tatu hilo hapo. Hakupata nafasi ya kutazama nyuma, alifanya kazi kama mtu anayefukuzwa na ng'ombe, huku wale wasukuma toroli wakipiga kelele "Mbele, shemeji, mbele!", mpaka wauguzi wakachungulia madirishani. Mara moja tu, karibu na mlango wa wodi, toroli lilikwama, na katika upenyo huo mdogo alirudi nyuma akagusa. Kidogo. Hakuna aliyemwona, alidhani.

Rola likapita nyuma yake, likisaga taratibu. Hakutaka kuangalia. Alikaa chini karibu na Mgongo, akageukia ukuta.

"Geuka," Mgongo akasema.

"Niambie wewe."

"Mimi sigeuki kwa urahisi, unajua hali yangu. Geuka mwenyewe."

Akageuka. Njia ilikuwa nyeusi, imetulia, imeinama upande mmoja kama ilivyotakiwa, kutoka getini mpaka mlangoni.

Mchana mhandisi akafika, mwanamke kijana mwenye miwani na ubao mrefu mnyoofu wa kupimia. Aliulaza ubao juu ya lami, akachungulia chini yake, akasogea, akaulaza tena. Alipofika karibu na mlango wa wodi akaomba chupa ya maji, akayamwaga. Yakateremka upande, yote, isipokuwa kidogo yaliyobaki kwenye kibonde chenye upana wa sahani.

"Hapa palitokea nini?"

Kikosi kizima kikatazama angani.

"Hapo nilirudi," Bado Kidogo akasema.

"Ulirudi kufanya nini?"

"Palikuwa pazuri. Nikataka pawe pazuri zaidi."

Wasukuma toroli wakashindwa kujizuia. Mhandisi mwenyewe akashusha miwani, akacheka kidogo, akainama akapima kile kibonde mara mbili. "Kiko ndani ya kipimo kinachoruhusiwa," akasema. "Lakini kiache hivyo. Usikirekebishe."

"Sikirekebishi."

"Usikiguse kabisa."

"Sikigusi, mama."

Mhandisi akamgeukia nyapara. "Kipande kimekubaliwa."

Bado Kidogo akaweka reki chini. Wakati wa kubandua, kwa kujiliwaza, alikuwa ametunga maneno ya kusema endapo mambo yangekwenda vizuri: angeshukuru kikosi, angemshukuru Mgongo, angetaja kwa kifupi siku ya kile kiti cha magurudumu. Akasafisha koo.

"Wenzangu..." akaanza.

Lori lingine likapiga honi getini. Wasukuma toroli wakaokota mishikio ya toroli zao na kuondoka mbio. Nyapara akampita bila kusimama, akamtupia kitambaa chenye dizeli cha kufutia reki.

"Maneno jioni, fundi. Lami inapoa."

Alikuwa mtu wa kwanza kumwita hivyo, na Bado Kidogo angependa sana aliseme neno hilo tena, kwa sauti zaidi, mbele ya wale wauguzi wa dirishani. Lakini fungu la kwanza lilikuwa limeshamwagwa. Akaifuta reki, akaenda.