Nyumba ya Bi Zuwena na Muhuri Wangu

Ipo siku moja nisiyoisahau, mwanangu, ingawa zipo nyingi za fahari ningeweza kukusimulia kwanza. Maana niliondoka Mombasa mpishi wa meli, nikarudi kutoka Amerika na shahada yenye utepe mwekundu, na mitaani kwetu, toka Ndia Kuu hadi Kuze, haikuwapo ya pili. Najisifu, ndiyo. Nimngoje nani anisifu?

Huko nilisoma huku nikimpikia mzee aliyewahi kuwa katibu wa jimbo lao, mtunza muhuri wa serikali. Nilimpenda kama baba. Mtoto wa mkulima maskini yule, akapanda hadi kula meza moja na gavana. Nikimpelekea kahawa huniuliza masomo yangu, na siku moja akanisimulia kosa lake. Angali mgeni kazini, mume mmoja alimletea hati ya kuuza shamba la mkewe. Sheria yao ilitaka mke aulizwe peke yake, mume asiwepo. Mke mwenyewe alikuwa nje, juu ya gari la farasi, ananyeshewa. Katibu alikuwa na haraka ya karamu ya gavana, akapiga muhuri. Kumbe mama wa watu hakuridhia. Shamba likaenda.

"Tangu hapo nilipanda farasi kumsikia kila mke kwa masikio yangu," akaniambia. "Lakini yule wa kwanza sikumrudishia kitu."

Kahawa yake ikapoa bila kunywewa. Majuto ni mjukuu, mwanangu, na mjukuu huyo alizeeka naye.

Nikarudi kwetu, nikapewa kazi ya kuandikisha hati za nyumba. Asubuhi moja akaja Bwana Salimu na hati ya kuuza nyumba ya dadake, Bi Zuwena. Ilikuwa na alama ya kidole cha dada na mashahidi wawili, marafiki wa Bwana Salimu mwenyewe.

"Dada ni mtawa, mwanamke wa ndani, hatoki mbele ya wanaume," akasema. "Na msomi kama wewe, Karani, haambiwi mara mbili."

Kichwa kikavimba. Nikapiga muhuri. Mnunuzi angeichukua hati baada ya adhuhuri.

Nilipokuwa natawadha kwa sala ya adhuhuri, wino wa muhuri ulikataa kutoka kidoleni. Hapo nikamkumbuka mzee wangu katibu na kahawa yake iliyopoa. Nikakimbia vichochoroni, na koti langu la Amerika, hadi mlangoni pa Bi Zuwena.

"Hodi, wenyewe!"

"Karibu. Mwana wa nani?" sauti ikauliza nyuma ya pazia.

Nikajitaja, na shahada nikaitaja.

"Ah! Si wewe mwana wa Mwanaisha, uliyekuwa ukiniibia mapera?"

"Ndimi, Bi. Umeiuza nyumba hii?"

"Sijauza hata msumari! Kidole nilitia ili kaka yangu anitengenezee paa. Na hiyo shahada yako, mwanangu, haikukufundisha kubisha hodi mapema?"

Nikarudi, nikaichana hati mbele ya Bwana Salimu na mnunuzi, nikasema mbele ya watu kwamba kosa ni langu. Barazani walinicheka mwezi mzima. Bi Zuwena akanitumia kikapu cha mapera.

Basi mwanangu, elimu ifuate hata ng'ambo, nami nitakuwa wa kwanza kukusifu. Ila kuuliza si ujinga. Usiamue jambo la mtu aliye hai kwa kutazama karatasi. Nenda mlangoni pake, ubishe, umsikilize. Mungu akujaalie cheo kikubwa kuliko changu, na masikio yautangulie mkono wako. Amina.