Fundi Aliyekataa Kuilaumu Batri

Mume wa fundi aliyenitengenezea gari alinipigia simu Jumanne mchana, nikiwa nasahihisha madaftari ya wanafunzi hapa Sake, chini ya milima ya Masisi. Ni mtu wa maneno machache, mkulima wa maharagwe na mihogo, na tangu tufahamiane hakuwahi kunipigia yeye mwenyewe, kwa hiyo nilipoona namba yake nilijua kabla hajatamka kitu. "Papa Mwalimu," alisema, "Mama alituacha leo asubui. Ni homa ya siku ine tu." Kisha simu ikakatika. Amefia Bweremana, kando ya ziwa, mbali na kilima cha wazazi wake huko Masisi. Alikuwa fundi wa umeme wa magari, mwanamke pekee niliyepata kumwona katika kazi hiyo kuanzia Mubambiro hadi Walikale. Ninyi mnaonisoma tangu zamani mtakumbuka jinsi nilivyokuwa nikililalamikia gari langu katika ukurasa huu, kisha nikaacha ghafla. Sikuwaambia kwa nini niliacha, wala nani aliyeniponya lawama zile. Ilikuwa haki yake nimtaje akiwa hai.

Gari lenyewe ni pikapu kuukuu kuliko wanafunzi wangu wote. Liliniangukia baada ya kifo cha kaka yangu mkubwa, aliyelitumia miaka mingi kuteremsha mafuta ya mawese kutoka Walikale. Kaka aliniachia gari na ugonjwa wake: nikiliegesha siku mbili, ya tatu haliwaki. Ufunguo ukizungushwa unasikia mlio mmoja mkavu, basi. Majirani walinisukuma mpaka wakaanza kunikwepa barabarani. Fundi wa kwanza alisema batri imezeeka, nikaweka mpya; nayo ikafa vilevile. Wa pili akasema hiyo mpya ni mbovu tangu dukani. Wa tatu hakulifungua hata boneti. Alinishauri niliuze vipande vipande. Mtu wa mahali pengine anaweza kuliona jambo hili kuwa usumbufu mdogo. Kwetu hapa watu huegesha magari yakiwa yameelekea barabarani, na kila mmoja anajua sababu: vita vikifika, hakuna muda wa kugeuza gari. Nilikuwa na mke, mama mkwe asiyeweza kutembea, na gari ambalo siku mbaya ingelikuta limekufa uani.

Ndipo nikampelekea yule mama. Alikuwa na kibanda cha turubai kando ya barabara, meza moja, batri zimepangwa chini kama viatu mlangoni. Nilitegemea atakimbilia boneti. Badala yake aliketi akaniuliza maswali kama muuguzi: linalala wapi, nani analifunga, linakufa baada ya siku ngapi, kaka yangu alipenda nini. Swali hilo la mwisho nililiona la ajabu, nikamjibu kwa mkato. Kisha akasema neno ambalo halijanitoka kichwani. "Batri yako haina kosa, Papa. Kuko kintu mu hii gari yenye inakunywa moto wakati weye unalala. Tutaitafuta mupaka tuione." Moto, kwa mafundi wa kwetu, ni umeme wa batri.

Alichomoa ufunguo, akafunga milango yote, akaulegeza waya wa hasi kutoka kwenye batri. Kati ya waya huo na kichwa cha batri akaunganisha balbu ndogo. Balbu ikawaka. Gari limezimwa, halina taa hata moja inayowaka, na bado balbu inawaka. "Unaona?" aliniambia. "Kama vyote vingelala, hii nayo ingelala." Akanipa kazi: yeye angechomoa fyuzi moja moja ndani ya gari, mimi nitazame balbu na kumwambia ikizimika. Alichomoa ya kwanza. "Bado," nikasema. Ya pili, bado. Tulifika ya mwisho, bado. Akarudisha zote mahali pake, kila moja kwenye tundu lake, akaenda kuzitenganisha nyaya za alterneta, mtambo unaochaji batri. Bado. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka milimani, vidole vyangu vimekufa ganzi, nami nikaanza kumwambia kwamba basi, labda tuliache. Yeye alipiga magoti, akaanza kuzifuata kwa kidole nyaya zilizotoka kwenye batri, mpaka akapata moja nyembamba nyekundu ambayo haikupita kwenye fyuzi yoyote. Ilipenya chini ya zulia na kwenda nyuma ya kiti. Aliulaza mwili, akaingiza mkono wote, akatulia. "Ulete mukono wako," alisema.

Nilishika kisanduku cha bati. Gari zima lilikuwa baridi kama jiwe la mtoni, na kisanduku kile kilikuwa na joto, joto la kitu kilicho kazini. Kilikuwa kikuza sauti cha kaka yangu. Alipenda nyimbo za kwaya, na kwa kuwa barabara ya Walikale ilimlaza matopeni mara nyingi, alikivutia waya wake moja kwa moja kwenye batri, aweze kusikiliza hata akiwa ameondoa ufunguo. Redio yenyewe mimi nilikuwa nimeing'oa baada ya mazishi, kwa sababu sikuweza kuitazama. Kisanduku sikukijua. Kilikuwa kimekaa nyuma ya mgongo wangu miezi minane, kinangoja nyimbo. Nilitoa mkono nikageukia upande wa barabara. Mama yule akajishughulisha na kufuta mikono yake, taratibu kuliko ilivyohitajika.

"Nikate?" aliuliza baadaye. Nilishindwa kusema ndiyo. Akasema, "Kukata ni rahisi. Kama unaipenda, tutatia kizimio. Weye njo utachagua saa ya kuwasha na saa ya kuzima." Akafunga swichi ndogo chini ya usukani, na fyuzi yake juu, kwa sababu waya usio na fyuzi, alisema, ni mutu asiye na rafiki wa kumwambia ukweli. Gari halikunisumbua tena.

Nilimuuliza alijifunza wapi. Akacheka. Ujanani alikuwa akiwapikia wafanyakazi katika gereji moja ya misheni huko Masisi. Fundi mzee wa pale alikuwa na maarifa yote ila macho yalikwisha. Akawa anamwita kutoka jikoni amtazamie rangi za nyaya. Miaka mitatu mzee aliazima macho ya msichana, naye msichana akaazima akili ya mzee. Mara nyingi namfikiria mzee yule nisiyemjua. Hawa watu wawili walizoea kutazama kabla ya kusema, na desturi hiyo naiona ikipungua. Siku hizi tunabadilisha. Simu ikisita tunabadilisha, mwalimu akilegea tunabadilisha, batri ikifa tunaweka nyingine nayo tunaiua. Sisemi zamani kulikuwa na watu bora. Nasema tu kwamba aliyekuwa radhi kusikia "bado" mara ishirini bila kukasirika, nimemjua mmoja, naye tumemzika.

Siku mbaya ilikuja kweli. Asubuhi hiyo Sake yote ilikuwa barabarani na magodoro kichwani. Niliingia kwenye gari, nikazungusha ufunguo, likawaka palepale. Nilipofika kwenye kibanda chake nilimwona amesimama na mume wake, kifurushi cha vyombo vya kazi begani. Nilibakiwa na nafasi moja. Nikamwita. Alitazama ndani ya gari, akageuka, akamshika mkono mwanamke mmoja aliyekuwa na mtoto mchanga wa siku chache, mtu ambaye hakuwa akimjua, akampandisha. "Miye niko na miguu," alisema. "Uende, Papa. Usizime mashini." Wao walitembea mpaka Bweremana. Siku ya pili jioni, nami nikiwa nimekimbilia hukohuko, niliwaona wakija, viatu mkononi.

Huko Bweremana alitandika turubai upya, akatengeneza pikipiki za wachuuzi wa samaki na taa za wavuvi. Lakini alimuuliza kila dereva aliyeteremka kutoka juu jambo moja: mvua imefika Masisi? Watu wamepanda? Alikuwa na kipande cha shamba kwenye kilima cha wazazi wake, na alikizungumzia kama mtu anavyomzungumzia ndugu aliyelazwa hospitali. Mimi niliporudi Sake alibaki kule, kwa kuwa kilima kilikuwa bado hakifikiki. Kisha barabara ikafunguka. Alikuja mpaka kwangu kwa miguu na pikipiki, akakataa chai. "Papa, ile kazi ya gari yako sikuombaka kitu. Leo naomba. Unipandishe kwetu nipande maharagi. Siku moja tu, miye nitarudi na miguu." Nilikuwa na mitihani ya kusahihisha. Nikamwambia wiki ijayo. Akasema sawa, bila kinyongo. Wiki hiyo ilipofika mama mkwe aliugua. Ile iliyofuata ilinyesha sana, nikaliogopea gari ambalo yeye ndiye aliyelitengeneza. Likaja neno kwamba njia imefungwa tena. Alipolisikia alinipigia simu kuniambia nisihuzunike, msimu mwingine utakuja.

"Liwezekanalo leo lisingoje kesho" nimelifundisha darasani miaka mingi. Nimewatolea watoto maksi kwa kulieleza vizuri.

Tulimzika Alhamisi kwenye mteremko unaotazama ziwa. Ni mahali pazuri, na si kwao. Baada ya watu kutawanyika mume wake alinisogelea, kofia mkononi. Alisema amesikia njia iko wazi kidogo, hajui kwa siku ngapi, na kwamba mbegu ambazo Mama alizichagua mwenyewe bado ziko kwenye kopo. Hakumaliza kuomba. Nilimwambia tunaondoka Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, kwenda kuzipanda kilimani kwake. Kwa hiyo nimeiandika safu hii mapema, na madaftari yatangoja. Wapendwa wasomaji, kila mmoja wetu ana mtu aliyemwambia wiki ijayo. Njia ikiwa wazi, mfikisheni kwao.