Mtani wangu aliniambia amekula

Wasomaji wenzangu, mhariri ameniahidi jina langu litabaki mezani kwake. Mie ni muuguzi wa miaka arobaini na sita, mkazi wa Temeke, Mzaramo mwenye mwili wa kutosha na mdomo uliouzidi mwili. Wodini kicheko changu hufika kabla yangu. Na nyie mkinicheka sitanuna, nimezoea.

Kazi yangu ni kuwaandaa wagonjwa wa operesheni. Asubuhi napita na karatasi, kitanda kwa kitanda: unakohoa? Una meno ya bandia? Umekula? Hilo la mwisho ndilo zito. Aliyekula akipewa dawa ya usingizi huweza kutapika, chakula kikaingia mapafuni. Huyo tunamrudisha, anapangiwa siku nyingine.

Mwezi uliopita tulimpokea seremala mmoja wa Kipawa, Mnyamwezi, ana ngiri. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, basi wodi ikawa haina usingizi. "Ukifa wewe, mbao za Kipawa nzima hazitoshi jeneza," alinambia. Nikamjibu, "Wewe tutakuzika kwenye kiroba cha unga, na nafasi itabaki."

Siku ya operesheni nikamuuliza, "Umekula?"

"Nimekula, tena nimeshiba. Mke wangu kaniletea uji na kiporo. Nife na njaa kwa Wazaramo?"

Wodi nzima ikacheka. Nami nikacheka, nikamwambia, "Na bakuli ungelitafuna." Kisha nikaandika: hajala.

Hakuamka.

Daktari aliisoma karatasi yangu, akawaambia ndugu kwamba mgonjwa alificha kuwa amekula. Mkewe akakiri kwamba alileta uji alfajiri. Tangu hapo mashemeji wanamwita muuaji. Wamempeleka kwa balozi wa nyumba kumi. Wanataka arobaini ikiisha, atoke kwenye nyumba. Daktari alipowaambia hayo nami nilikuwa nimesimama pembeni yake, na mdomo wangu huu, kimya.

Jana mjane alinifuata wodini. Amekonda, kanga inamzunguka mara mbili. "Dada, wewe ndiye mtani wake. Arobaini ni Jumapili. Njoo uwachekeshe watu, labda wataacha kunitazama mie."

Mtani hakatai msiba. Nikamshika mkono, nikasema, "Mwenzangu, uji wako haukumuua. Aliniambia amekula. Mie ndiye niliyeandika hajala."

Alinitazama kidogo. Kisha akacheka, machozi yakimtoka, mara ya kwanza tangu tuzike. "Hivyohivyo, dada," akasema. "Jumapili uje useme hivyohivyo."

Akaenda zake.

Nikinyamaza, anafukuzwa kwa kosa langu. Nikienda kwa daktari, kazi sina, pengine na jela, na marehemu harudi. Na Jumapili nikisimama mbele ya watu wale nikaisema kweli yote, watajishika mbavu.

Nishaurini, ndugu zangu. Nitaisemaje, nami maisha yangu yote nimejulikana kwa mzaha?